Kidirisha kwenye Kofia ya Uyoga

...tisini na nne, ndiyo hii, nimeitoa rafu ya tatu nimefumba macho kwa sababu ghala hili nalijua kama ulimi unavyoyajua meno, na Daktari amenyoosha mkono nyuma ya bega lake bila kugeuka, kiganja juu, "Mzee Pua, niletee tisini na nne niutazame mwenyewe," ndivyo alivyosema, na mimi nimeshafika, nimesimama nyuma ya kiti chake na kimfuko cha nailoni mkononi, kimebaki kiasi cha kunyoosha mkono tu, nampa, sasa hivi nampa, ngoja kwanza nione anachokikodolea macho, maana kioo cha kompyuta kimejaa vijitawi kama ufagio uliolazwa ubavu, na ufagio huo ndio anaouita mti wa ukoo, eti kila kijiti ni uyoga mmoja wa ghalani kwangu na kila penye panda ndipo ndugu walipoachana, ukoo gani jamani, mimi nilikuwa napanga uyoga kwa koo zake humu ndani wakati yeye bado anakojoa kitandani, miaka ishirini na sita, shule niliishia darasa la sita lakini wenye digrii zao walikuwa wananishikia mlango nipite, profesa yule wa zamani aliyestaafu alikuwa akiokota kitu msituni hathubutu kukitaja mpaka aniite, "Pua, njoo unuse," nanusa mara moja, nageuza, nachungulia chini ya kofia, natamka, yeye anaandika, na hakuna siku hata moja niliyokosea, basi mara moja, mara mbili, mimi si malaika, na jina la Pua nilipewa hapa hapa, siku niliyofungwa kitambaa machoni mbele ya wageni nikataja uyoga wa aina arobaini kwa harufu tu, zilikuwa kumi na mbili lakini arobaini inasimulika vizuri zaidi, halafu huyu binti akaja na mashine yake ya kusoma vinasaba, unakata kidirisha kwenye kofia ya uyoga, mraba mdogo kama ukucha wa mtoto, unautia kwenye kichupa, unausaga, mashine inatema herufi nne tu zinazojirudiarudia kama mlevi anayejifunza alfabeti, na kwa herufi hizo anakwambia nani ndugu ya nani, macho ya nini, pua ya nini, wiki ya kwanza akanivunjia nusu ya koo zangu, uyoga ule wa mpira, duara tupu, hauna kofia wala mguu, akaulaza kitanda kimoja na uyoga wa kofia wa malishoni, eti mtu na ndugu yake, na aina mbili nyeupe nilizoziweka rafu moja miaka yote, zinazofanana kama mapacha, akazitenga, eti zinafanana sura tu, udugu hakuna, nikamwuliza mbele ya watu, "Daktari, wanangu wote watano wana pua hii hii, nao niwalete tuwasome herufi?" watu wakacheka mpaka wakashika meza, naye akasema polepole, "Mzee, pua inaweza kufanana na ya jirani pia," wakacheka zaidi, na mimi nikacheka, nilicheka sana, ingawa jioni ile nilimtazama kitinda mimba wangu akila muda mrefu kidogo... na siku nyingine akanieleza kwamba uyoga ni jamaa wa karibu wa binadamu kuliko wa kabichi, nikamwambia hilo nalikubali bila mashine, Daktari, kwani mdogo wa mke wangu ni uyoga mtupu, tena ule wa sumu.

Na ndiyo sababu ya tisini na nne, hakuniomba mtu, niliuongeza mwenyewe kwenye orodha ya Daktari, nikamwambia pima na huu, nataka karatasi yake yenye mhuri, kwa sababu Jumamosi hii kuna kikao cha ukoo nyumbani kwa kaka mkubwa wa mke wangu, na ajenda ni moja, shemeji anaomba arudi, miaka miwili tangu tumfukuze, na mke wangu ameanza kulegea, juzi amekaa ukingoni mwa kitanda, "Baba watoto, ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, mwacheni basi aje aone kaburi la mama," nikamwambia aje apike nini, akaanza kukunja nguo ambazo zilishakunjwa, akazikunja zote, akazikunjua, akazikunja tena, mimi nikalala zangu, maana hotuba nilikuwa nimeshaitunga, nitasimama katikati ya sebule, nitakohoa, nitainua kimfuko hiki juu kila mtu aone, ndiyo maana nikautia kwenye nailoni inayoonyesha badala ya karatasi tunayofungia vingine, nitasema jamaa zangu, sayansi imesema, huyu hapa muuaji wa mama yetu na huyu hapa aliyemchuma, na lebo iko hapa kwa mwandiko wangu mzuri ule wa kulala upande, namba tisini na nne, mahali, vichuguu nyuma ya nyumba ya mama mkwe, aliyechuma, shemeji, na mimi ndiye niliyembatiza jina la Mpishi wa Mwisho, jina likamganda kama gundi, alikuwa na kibanda cha chakula karibu na kituo cha mabasi, watu wanasimama foleni kwa ajili ya mchuzi wake, wiki mbili baada ya mazishi akawa anapika sufuria nzima na kuimwaga nzima, watoto wanapita wanajishika matumbo na kujiangusha chini mbele ya kibanda chake, mchezo huo nani aliwafundisha, mimi, nilikuwa nawaonyesha namna ya kuangusha kichwa vizuri, sasa anafua nguo za watu katika mji mwingine na nasikia mikono imemchubuka mpaka kwenye kiwiko, basi si afadhali, nguo haiuawi... "Ajabu hii," Daktari anasema, anasema na kioo, si na mimi, anapandisha ufagio wake juu, anaushusha, "ajabu kweli," mkono wake mwingine bado uko hewani unaningoja, ajabu gani, hakuna ajabu, kila kitu kinajulikana, Jumapili ile tulikwenda kula kwa mama mkwe, shemeji ndiye aliyekuwa akiishi naye, asubuhi amechuma uyoga kwenye vichuguu, kikapu kizima, amepika, tumekaa watu kumi na moja, wamekula wote isipokuwa mimi, mimi uyoga siuli, nimeunusa miaka ishirini na sita na sijapata kuumeza, unateleza mdomoni kama ulimi wa mtu mwingine, Jumatatu mama mkwe akatapika kutwa nzima, Jumanne, Jumanne alipata nafuu tu, Jumanne haina habari, Alhamisi macho yakageuka manjano, Ijumaa akatutoka, Jumamosi tukazika, na wale wengine tisa hawakuugua hata kichwa, watu wakauliza inakuwaje, nikawafafanulia, nikawaambia ini la mzee ni kama shuka kuukuu, linachanika pale ambapo jipya linavutika tu, wakatikisa vichwa kukubali, ukisema jambo kwa sauti nzito na kituo kirefu katikati watu hutikisa vichwa...

"Mzee, huu wako haukuangukia kwa wale wa vichuguu," Daktari anasema, na mimi tayari mdomo uko wazi, tayari nataka kumwambia si nilikuambia, ungeangukiaje kwao na ule ni sumu, mwanamke alichanganya, alichuma wa haramu akautia na wa halali, lakini anaendelea, kidole chake kinagusa kioo kule chini kabisa kwenye pembe ya ufagio, "umeangukia huku, umekaa na themanini na nane na tisini, herufi kwa herufi, hawapishani hata moja, na tawi lote hili ni la wauaji," themanini na nane na tisini, nazijua, nani asiyezijua, ni zangu, nilizichuma mimi, nyuma ya maabara, ndani ya uzio wetu, chini ya misonobari, "na hawa wa misonobari hawaoti pengine, Mzee, wameshikana na mizizi ya mti ule ule, ukiondoa mti hawapo, sasa kule kwenye vichuguu kuna msonobari?" hakuna, kule kuna migomba na choo, misonobari yote ya sehemu hizi iko ndani ya uzio, na uzio una lango moja, na lango lina ufunguo mmoja, na ufunguo uko kiunoni mwangu, hapa, unanigusa paja hivi sasa, basi labda kisu, nasema kisu hakikufutwa vizuri Daktari, nasema au nawaza tu, nimesema, kwa sababu ananijibu, "Kile kipande ulichonikatia nimekirudia mara mbili, Mzee, kisu kipya, kichupa kipya," sawa, labda mashine imelewa, labda upepo ulibeba vumbi la uyoga mpaka kule, labda... lakini misonobari ile uyoga wake ni mkubwa, mweupe, umenyooka, una pete shingoni kama bibi harusi, nilipouchuma mara ya kwanza niliunusa, nikasema huyu ni ndugu wa yule wa kichuguu, rangi moja, ngozi moja, harufu karibu moja, nikaandika kwenye lebo "unaliwa", nani alikula, hakuna aliyekula, pua yangu ndiyo iliyokula, na themanini na nane zilikuwa kofia tano, nikakata kidirisha kwenye kila moja, vidirisha vikaingia friji kusubiri mashine, tukasubiri miaka miwili, kofia mbili nikakausha kwa ajili ya ghala, tatu zilipaswa kuchomwa moto, ndiyo sheria ya hapa, uyoga uliokatwa kidirisha hautoki nje ya uzio, lakini zilikuwa nzuri mno, mtu gani anachoma kitu kama kile, nikazitia kwenye bahasha ya kaki... hapana, bahasha ile ilikuwa ya kitu kingine... bahasha ya kaki, Jumapili, nikamfuata shemeji jikoni, moshi umemtoa machozi, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Hizi mkaangie mama peke yake, usiseme zimetoka kwa nani, nataka asifu kwanza ndipo nijitaje," akacheka, alikuwa na mwanya, akasema, "Wewe shemeji unapenda sifa mpaka kwenye sufuria," ndivyo alivyosema, akazipokea kwa mikono miwili.

Na zilikuwa nzuri, hilo sibadilishi, kwa kuwa zilikuwa nzuri basi za kwake ndizo mbaya, hesabu si ngumu, na kwa kuwa za kwake ndizo mbaya kuna haja gani ya kutaja bahasha, kutaja ni kuwachanganya watu waliofiwa, ndivyo nilivyowaza nikiwa nimesimama pale uani, watu wamejaa, viti vya kuazima, na nyuma ya jiko nikawa nimeokota kipande cha kofia kilichoanguka na kukaukia pale kwa joto, nikakiinua juu, nikakinusa mbele yao, nikafumba macho, kituo kirefu, nikasema, "Huyu ndiye, na ametoka kichuguuni," na shemeji alikuwa amekaa chini ukutani, uso umevimba kwa kilio, akanyanyuka, akasema, "Shemeji, si wewe uliyeleta kwenye bahasha? Shemeji, sema," hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayekukumbusha umesahau kofia yako, na mimi nikageukia watu nikasema, "Bahasha? Mimi nilikuja na barua au na uyoga?" na wakacheka, msibani wakacheka, kaka mkubwa mwenyewe alicheka na machozi yake shavuni, na kicheko kile kilinipanda kama dawa, nikaongeza, "Labda ilikuja kwa posta," wakacheka tena, na shemeji akaendelea kunitazama usoni, halafu akautazama mkono wangu, kwa nini aliutazama mkono, nilikishika vipi kile kipande, nilikishika hivi, kwa vidole viwili, kidole gumba juu, ukingoni mwa kofia, kidole gumba kimelala pale kwenye... hebu ngoja... pale kwenye pembe nne, mraba kama ukucha wa mtoto, kichuguuni nani anakata vidirisha, panya gani anang'ata mraba, kidole changu kilikuwa kimelala juu ya kidirisha tangu nilipokiokota nyuma ya jiko mpaka nilipokitia mfukoni, hakikusogea, mimi nilikuwa sijui lakini kidole kilikuwa kinajua, na hivi sasa, ninakitazama hivi sasa, kimelala pale pale juu ya nailoni, "Kuna mtu aliingia kwetu, Mzee," Daktari anasema, "au kuna mtu alitoa vitu kwetu," na hapo hapo uongo unakuja, mimi siuiti, unakuja wenyewe umeshanawa uso na kuvaa, kwamba shemeji alikuja kututembelea Ijumaa ile ya kabla ya Jumapili ya uyoga, kwamba ufunguo ulikuwa umetundikwa mlangoni, kwamba asubuhi niliukuta umetundikwa upande mwingine nikashangaa, alikuja kweli Ijumaa ile, mke wangu atakubali alikuja, na mtu anayeiba ufunguo si mtu aliyekosea tena, ni mtu aliyepanga, huyo hafukuzwi tu, huyo anafungwa, uongo mzuri huu, Mungu nisamehe, mzuri kuliko ule wa kwanza, nauona Jumamosi umesimama katikati ya sebule, nasikia vichwa vikitikiswa, na kidirisha? kidirisha alikikata yeye ili kunisingizia, naam, hata kidirisha kinaingia, kila kitu kinaingia, isipokuwa tisini... themanini na nane inaingia, tisini na nne inaingia, tisini haiingii... "Na hii tisini," Daktari anasema, anainama karibu na kioo, "umeandika kofia tatu, imebaki moja, uliichuma Jumanne, Mzee, mbili zilikwenda wapi?"

Jumanne, Jumanne haina habari, alipata nafuu, nimekwisha kusema, alikaa kitandani ameegemea mto, shemeji amekwenda kuchota maji, tulikuwa wawili tu, mimi na mama, chumba kinanuka sabuni na jasho, akaniita, "Mwanangu, sogea," nikasogea, akasema polepole, "Ule uyoga mkubwa wa Jumapili, najua ni wewe uliyeuleta, binti yangu hajapata kuokota kitu kizuri namna ile," na mimi moyo ukajaa, wallahi ukajaa, miaka ishirini na sita hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kunisifia pua yangu, mke wangu ananiita mtunza majani makavu, nikamwambia, "Mama, umeujuaje?" akasema, "Una harufu yako, ya kujivuna," tukacheka wote wawili, akashika tumbo, halafu akasema kinywa kimekuwa kichungu tangu jana, hakuna kitu anachokitamani ila ule, upo bado? nikasema upo mama, kwako utakosaje, nikaenda mbio, mimi na kitambi hiki, nikafungua lango, chini ya msonobari wa pili zilikuwa tatu, nyeupe, zimenyooka, moja nikaiandikia lebo, kofia tatu kama zilivyokuwa, ili mtu akiuliza nilifuata nini uzioni niwe na jibu, mbili nikazikaanga mwenyewe, kwa mkono wangu, mafuta kidogo, chumvi kidogo, hakukuwa na mpishi mwingine jikoni, hakukuwa na mtu, nikampelekea kwenye kibakuli cha bati, nikakaa nikamtazama akila, nikamwuliza vipi, akasema, "Ah, mwanangu," hivyo tu, na akalamba kijiko, na shemeji aliporudi na ndoo kichwani nilikuwa nimeshasuuza kibakuli na kukirudisha rafuni, kwa nini nilikisuuza, nilikisuuza kwa sababu kilikuwa kichafu, watu husuuza vyombo... "Mzee Pua?" ...nipo Daktari, nipo, nakupa mfuko huu sasa hivi, nakiambia kidole inuka, kimekwisha kukaa miaka miwili, inuka, hakiinuki, nijaribu basi kunusa, ninavuta pumzi na hakuna harufu ya kitu chochote, si uyoga, si vumbi, si mimi, na mkono wake uko pale pale hewani, haujageuka, kiganja juu, vidole vimekunjika kidogo, kama ule wa mama, siku ile ya Jumanne, alipokwisha kulamba kijiko akaunyoosha kwangu hivi hivi na kusema, "Niongeze"...